UZI: Kumpata daktari bingwa wa upasuaji kwa kadi ya bima, Mwanza na visiwani

#1 DirishaNambaTatu

Wakuu, salaam. Hapa jukwaani haipiti wiki bila mtu kuuliza: "Daktari gani wa upasuaji Mwanza anapokea bima?" Naomba tulimalize swali hili kwenye uzi mmoja, maana linaulizwa kuanzia mwisho.

Kadi ya bima haimlipi daktari. Inakilipa kituo. Daktari bingwa yuleyule anaweza kukuona asubuhi kwenye hospitali ya umma kwa kadi yako, na jioni ukamkuta hospitali binafsi ambako kadi hiyohiyo haipokelewi, kwa sababu kituo hicho hakina mkataba na Mfuko wa bima, au mkataba wake haugusi huduma unayoitaka. Ukianza na jina la daktari utazunguka mji mzima. Anza na kadi uliyonayo, nenda kwenye kituo, uliza siku ya kliniki ya upasuaji. Daktari anapatikana mwisho wa mnyororo huo.

Kadi sasa. Hapa kwetu ziko mbili zinazochanganywa kila siku.

NHIF ni Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya 1999. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 3. Kadi hii inafika hadi Bugando, hospitali kubwa kuliko zote hapa, kwa masharti ya rufaa.

CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ni ya kaya: ilianza kwa kiwango cha shilingi 30,000 kwa mwaka kwa watu wasiozidi 6. Inaanzia zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, na kikomo chake ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa Mwanza hiyo ni Sekou Toure. Bugando haimo. Mtu mwenye CHF akipanda kilima cha Bugando kwa mguu wake mwenyewe, dirishani ataambiwa alipe taslimu, na karani hana kosa.

Ngazi za hapa ziko hivi: zahanati na vituo vya afya vya kata, hospitali za wilaya (Nyamagana, Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Ukerewe, na Sengerema ambako hospitali teule ni ya kanisa), kisha Sekou Toure, juu kabisa Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, mali ya Kanisa Katoliki inayoendeshwa kwa ubia na Serikali. Walio upande wa Geita wana pia hospitali ya rufaa ya kanda ya Chato, na kwa wengi wao huko ni karibu kuliko kuja mjini.

Ngiri ya kawaida, busha, uvimbe mdogo wa mafuta chini ya ngozi, bawasiri: haya mara nyingi hayahitaji Bugando. Ukilazimisha kupanda juu utasubiri foleni ya watu wenye saratani na majeraha ya ajali, nawe shida yako ingemalizwa chini kwa wiki chache.

Kabla ya kutoka nyumbani hakikisha kadi iko hai. Mwajiri asipopeleka makato kadi hufungwa bila mwenyewe kujua. Mtoto akitimiza umri wa ukomo wa utegemezi hufungwa vilevile. Na mgonjwa awepo yeye mwenyewe, kwa sababu siku hizi huduma hufunguliwa kwa kuhakiki kidole au sura. Kutuma kadi na ndugu haisaidii tena.

#2 Mwana_Igoma

Mkuu uzi mzuri. Hospitali binafsi je? Kuna orodha ya zinazopokea NHIF?

#3 DirishaNambaTatu

Orodha ipo kwa Mfuko, na ofisi ya NHIF ya mkoa ipo hapa Mwanza. Ila usiichukue orodha kama neno la mwisho. Kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei ambazo Mfuko unalipia, kilipoanza Machi 1, 2024, baadhi ya hospitali binafsi nchini zilisitisha kupokea kadi za NHIF kwa mzozo wa bei, na wagonjwa waliofika asubuhi ile walirudishwa milangoni. Mambo ya namna hiyo hayasubiri orodha ichapwe upya.

Piga simu kituoni, omba dawati la bima, usiongee na mapokezi tu. Mapokezi atakwambia "ndiyo tunapokea", akimaanisha kumuona daktari na vipimo vya maabara. Wewe uliza maneno haya: "Upasuaji wa ngiri kwa mwanachama wa NHIF mnaufanya hapo kwenu? Daktari bingwa wa upasuaji yupo siku gani? Kuna nyongeza nitakayolipa mfukoni, na ni ya kitu gani?" Jibu la swali la tatu ndilo linaloumiza watu, kwa hiyo lisisitizie.

Uliza pia kama ni kadi yako hasa. Vifurushi vya hiari havifanani na kadi ya mtumishi wa umma. Soma jedwali la kifurushi chako, sehemu ya upasuaji na sehemu ya muda wa kusubiri, kabla hujapanga tarehe.

#4 NesiWaWodi

Naongezea kwenye rufaa, maana nusu ya wanaorudishwa wanarudishwa na karatasi, ugonjwa wao hauna shida.

Barua ya rufaa iliyoandikwa hivi: "Ngiri. Aende Bugando" ni kazi bure. Karani ataipokea kwa shaka, na daktari wa kliniki ataanza upya historia yote. Barua inayofanya kazi inasomeka hivi:

"Mwanaume, miaka 46. Uvimbe kinena cha kulia, miezi 8. Hutoka akikohoa au akinyanyua mzigo, hurudi akilala. Hauumi, hatapiki, anapata choo. Hana kisukari wala shinikizo la damu. Hatumii dawa za kuzuia damu kuganda. Tunaomba tathmini na matibabu, kliniki ya upasuaji wa jumla."

Chini yake jina la daktari, cheo, sahihi, tarehe na muhuri wa kituo. Muhuri uliofifia ni sawa na hakuna. Mwambie agonge tena kabla hujatoka chumbani, kwa sababu kutoka Kwimba kuja mjini kisha kurudi Ngudu kufuata wino ni nauli mbili na siku mbili.

Jina nalo. Kanda yetu ina majina yanayoandikwa kila mtu anavyosikia: Bhoke na Boke, Masalu na Masaru, Ng'wana na Mwana. Kwa mfumo hao ni watu wawili tofauti. Jina la kwenye rufaa lifanane na la kwenye kadi herufi kwa herufi.

Na kituo kinachotoa rufaa kiiingize kwenye mfumo wa bima, isiishie kwenye karatasi. Waulize: "Mmeniingizia namba ya rufaa?" Waiandike juu ya barua.

#5 Kisorya_Rugezi

Dada hapo kwenye majina umegusa kidonda cha Ukerewe yote. Swali: mgonjwa ana CHF, shida yake kweli inahitaji Bugando. Anafanyaje?

#6 NesiWaWodi

Afike Sekou Toure kwanza kwa rufaa ya wilaya. Hospitali ya rufaa ya mkoa inapaswa kuwa na daktari bingwa wa upasuaji wa jumla, na mengi yanaishia hapo. Ikibidi kupandishwa, ajue kwamba kuanzia hapo CHF imekoma, aende ofisi ya ustawi wa jamii kabla ya kwenda dirisha la malipo. Kila hospitali kubwa ina afisa ustawi. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo, na mtoto chini ya miaka 5, wana msamaha kwa sera ya afya. Wengine hupimwa uwezo wao: barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayoeleza hali ya kaya inasaidia sana, na inapatikana kirahisi zaidi ukiwa bado nyumbani kuliko ukiwa kitandani wodini.

Asisubiri deni liwe kubwa ndipo amtafute afisa ustawi. Aende siku ya kwanza.

#7 Mkokoteni_Kirumba

Hivi kwa ngiri, bima inalipia ile nyavu? Naskia wengine wanaambiwa wanunue.

#8 TabibuMzee

Swali zuri, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ngiri ya kinena ni moja ya sababu kubwa za mwanaume wa ziwani kuhitaji daktari wa upasuaji. Wavuta nyavu, wabeba magunia ya dagaa pale mwaloni, wasukuma mikokoteni: mgandamizo wa tumbo kila siku, mwaka baada ya mwaka, unapanua tundu lililopo kwenye ukuta wa tumbo.

Upasuaji kwa mtu mzima uko wa namna mbili. Ama daktari anashona misuli kwa nyuzi peke yake, ama anaweka kipande cha wavu maalumu, wenyewe wanaita meshi, ambacho mwili hukikamata na kikawa sehemu ya ukuta. Wavu unapunguza uwezekano wa ngiri kurudi. Mtoto hawekewi wavu: kwake daktari anafunga kifuko cha ngiri basi. Busha nalo halihitaji wavu. Kwa hiyo ukiambiwa ununue wavu kwa ajili ya busha, simama uulize.

Kuhusu bima: tenganisha mambo mawili ambayo dirishani yanatamkwa kama moja. "Haumo kwenye kitita" maana yake Mfuko haulipii. "Hatuna stoo" maana yake huenda Mfuko unalipia ila kituo kimeishiwa. Likiwa la kwanza, utalipa, na utapewa namba ya malipo na risiti. Likiwa la pili, uliza lini utaletwa, au kama kituo kingine chenye mkataba kinao. Ngiri inayorudi yenyewe na isiyouma inaweza kusubiri wiki kadhaa bila madhara, mradi unajua dalili za hatari.

Mwulize na daktari: "Ukishona bila wavu, kwa hali yangu, hatari ya kurudi ni kiasi gani?" Kuna wagonjwa ambao nyuzi zinawatosha. Mwingine anabeba gunia la kilo 100 kila siku, huyo ni bora asubiri wavu.

Kwa dawa zilizoandikwa ambazo duka la hospitali halina, kuna fomu 2C: hospitali inaijaza, unachukua dawa kwenye duka lenye mkataba na Mfuko. Wengi hawaiombi kwa sababu hawajui ipo, wanatoa fedha mfukoni kwa dawa waliyokwisha kuilipia kwenye makato.

#9 Mkokoteni_Kirumba

Asante sana mzee wangu. Dalili za hatari ni zipi?

#10 TabibuMzee

Uvimbe uliokuwa unarudi sasa umegoma kurudi. Umekuwa mgumu, unauma, ngozi juu yake imebadilika rangi. Tumbo linajaa, unatapika, hupitishi hewa wala choo. Hapo utumbo umenaswa na damu haifiki. Ni masaa, si siku. Usijaribu kuusukuma ndani kwa nguvu, usikande kwa maji ya moto, usinywe dawa ya kuharisha.

Dharura haidai rufaa. Nenda hospitali iliyo karibu yenye chumba cha upasuaji, wafungulie kadi kama dharura. Hili liko kwenye utaratibu wa bima, usikubali kurudishwa zahanati kutafuta barua. Hivyohivyo kwa kidole tumbo: maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia chini kulia, homa, kukosa hamu ya kula, na tumbo kuuma ukikohoa. Na kwa kidonda cha tumbo kilichotoboka: maumivu ya ghafla kama kisu, tumbo limekakamaa kama ubao.

#11 Dada_Pasiansi

Naomba kuulizia uvimbe kwenye titi. Huyo naye anaanzia kwa daktari wa upasuaji wa jumla?

#12 TabibuMzee

Ndiyo, na hapa usikae sana kwenye ngazi za chini. Omba rufaa ya kwenda mahali penye maabara ya patholojia (inayochunguza nyama iliyotolewa mwilini) na idara ya saratani, maana yake Bugando. Mpango unaokubalika ni hatua tatu: daktari anapapasa kwa mkono, kipimo cha picha (ultrasaundi, au mamografia kwa wenye umri mkubwa), kisha kuchukua kipande kwa sindano. Upasuaji unakuja baada ya majibu ya kipande hicho.

Mtu akikwambia "tunautoa tu uvimbe leo" bila kuchukua kipande kwanza, omba maelezo. Uvimbe wa saratani ukitolewa kwa haraka bila mpango, matibabu yanayofuata yanaharibika.

Na kila nyama inayotolewa mwilini ipelekwe maabara. Uliza nani anaipeleka, bima inalipia au la, na majibu unayafuata dirisha gani. Kumekuwa na chupa za sampuli zinazokaa mkobani mwa ndugu wiki nzima kwenye maji badala ya fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama isioze. Sampuli hiyo imeoza, haisomeki tena.

#13 Mwana_Igoma

Nitajuaje kama ni bingwa kweli? Siku hizi kila mwenye koti jeupe anaitwa bingwa.

#14 NesiWaWodi

Baraza la Madaktari Tanganyika linaweka daftari la madaktari wote na fani zao. Tafuta jina kwenye tovuti yao. Bingwa wa upasuaji wa jumla amesoma udaktari, akafanya mafunzo ya vitendo, kisha shahada ya uzamili ya upasuaji, au amepitia chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao makuu Arusha. Mwenye kuongeza utaalamu juu ya hapo ndiye bingwa bobezi.

Lakini jueni pia kwamba hospitali za wilaya na vituo vya afya vilivyopandishwa hadhi vina madaktari wa kawaida na matabibu waliofunzwa wanaofanya upasuaji wa uzazi, busha na ngiri nyepesi, na wanaufanya kila wiki. Kutokuwa bingwa hakumfanyi mtu asiwe na mkono. Kwa ngiri iliyorudi mara ya pili, goita, nyongo, titi na utumbo, hapo ng'ang'ania bingwa.

Msiende pia kwa bingwa asiye wenu. Tezi dume na mawe ya figo ni kwa daktari wa njia ya mkojo. Mfupa ni wa mifupa. Rufaa ikiandikwa "kliniki ya upasuaji" bila kutaja ipi, utakaa benchi asubuhi nzima kisha uambiwe kliniki yako ni Alhamisi.

Na madaktari bingwa wa kambi, wale wanaozungushwa kwenye halmashauri kwa siku chache, wasikilizeni matangazo yao hospitali ya wilaya. Kwa mtu wa Nansio kule Ukerewe ni nafasi ya kuonwa bila kuvuka maji. Nendeni siku ya kwanza, kwa sababu ya mwisho hawapangi upasuaji: nani atamtazama mgonjwa wakiondoka?

#15 DirishaNambaTatu

Turudi kwenye kibali, hakijasemwa. Vipimo vikubwa vya picha (CT na MRI) na baadhi ya upasuaji huhitaji kibali cha Mfuko kabla ya huduma. Daktari anaandika, dawati la bima linatuma maombi, jibu linarudi. Mgonjwa hana la kufanya hapo katikati isipokuwa kufuatilia. Swali la kumuuliza karani ni moja: "Kibali kimetoka au bado?" Usikubali "tumetuma" kama jibu. Kutuma na kutoka ni vitu viwili, na tarehe ya upasuaji ikifika kibali hakijatoka, jina lako linashuka chini ya orodha.

Kisha fomu ya madai, ile 2A na B. Unaisaini baada ya huduma. Isome kwanza: tarehe, vipimo, dawa, siku za kulazwa. Usisaini fomu tupu hata kama foleni ni ndefu na karani anakuhimiza. Ikiandikwa huduma ambayo hukuipata, mwambie aifute mbele yako. Akikataa, ofisi ya NHIF ya mkoa inapokea malalamiko.

#16 Kisorya_Rugezi

Naomba mpangilio wa siku kwa mtu anayetoka mbali, tafadhali. Sisi meli ikituacha tumepoteza siku.

#17 NesiWaWodi

Hesabu safari tatu, na lengo ni zisizidi hizo.

Ya kwanza ni kliniki. Fika Mwanza jana yake. Wa Ukerewe ashuke bandarini alale mjini. Wa Sengerema na Geita siku hizi anapita daraja la Kigongo–Busisi na kushukia stendi ya Nyegezi, hana tena foleni ya kivuko. Wa Magu na Bunda anashukia stendi ya Nyamhongolo. Saa 12 asubuhi uwe kwenye dirisha la bima, kwa sababu kadi inafunguliwa kwanza, faili linafuata. Beba rufaa, kadi, kitambulisho cha NIDA, vipimo vyote vya zamani, na dawa unazotumia kwenye paketi zake. Kama ni maumivu ya upande wa kulia juu, chini ya mbavu, njoo bila kula chochote tangu usiku: ultrasaundi ya nyongo inataka tumbo tupu, na ukiwa umekunywa chai ya maziwa utaambiwa urudi kesho.

Siku hiyohiyo omba vipimo vya maandalizi vyote viandikwe: wingi wa damu, kundi la damu, sukari, figo, na kwa mzee eksirei ya kifua na kipimo cha moyo. Watu wengi hupewa tarehe bila vipimo, wanarudi siku ya kulazwa damu ikiwa 7, upasuaji unaahirishwa. Ukijua mapema unaanza vidonge vya madini ya chuma ukiwa nyumbani.

Ya pili ni upasuaji wenyewe. Usiku wake, chakula kigumu kikome masaa 6 kabla, maji matupu masaa 2 kabla. Hospitali nyingi zinarahisisha kwa kusema usile kuanzia saa 6 usiku, na uji ni chakula. Dawa za kuzuia damu kuganda na za kisukari usiziache wala usizimeze asubuhi hiyo kabla ya kumuuliza mtu wa nusukaputi. Kama upasuaji ni mkubwa, njoo na ndugu wawili wenye afya watakaochangia damu. Damu haiuzwi. Mtu akikudai fedha ya chupa ya damu, uliza risiti.

Ya tatu ni kliniki ya marudio. Kabla hujaruhusiwa, omba barua ya kurudi kwenye kituo chako: imefanywa nini, kidonda kisafishwe mara ngapi, nyuzi zitolewe siku ya ngapi, dawa gani. Nyuzi za ngiri kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 7 na ya 10, na kituo chochote cha afya kinaweza kufanya hivyo. Hakuna haja ya kupanda meli kwa ajili ya nyuzi nane. Panda kama kidonda kinatoa usaha, kimevimba chekundu, au una homa.

#18 TabibuMzee

Wavuvi na wabeba mizigo: wiki 4 hadi 6 bila kunyanyua kizito baada ya ngiri. Tembea tangu siku ya pili, ila nyavu na magunia viache. Mwombe daktari aandike muda huo kwenye karatasi ya kuruhusiwa, ili tajiri wa mtumbwi aone sahihi na muhuri.

#19 Kisorya_Rugezi

Nimenakili yote, naibandika ubao wa zahanati kesho. Mzee, ile barua ya mfano ya rufaa ya dada naweza kumwonyesha mganga wetu?

#20 NesiWaWodi

Mwonyeshe. Abadilishe umri, upande na miezi tu. Muhuri asisahau.